Filamu Iliyobaki Ndani ya Kamera ya Baba

Sina picha ya mama. Nasema mapema ili mtu asidhani nilifunga safari ya Maneromango kwa kupenda vitu vya kale. Mimi na vikorokoro hatuna urafiki. Nyumbani kwangu, mtaa wa Picha ya Ndege hapa Kibaha, hata redio ikiharibika haimalizi wiki.

Baba alikuwa na kamera ya plastiki nyeusi, nyepesi kama kopo tupu, isiyo na cha kurekebisha: unaelekeza, unabonyeza, basi. Alimpiga nayo mama picha akiwa amenipakata, siku niliyotolewa nje nikiwa mchanga. Kabla filamu haijaisha, mama akafariki. Baba hakupiga tena picha, wala filamu hakuitoa. Naye alipofariki, kamera iliingia kwenye sanduku la shangazi, dada yake, ikalala humo mpaka mwaka huu, shangazi aliponitajia kwenye simu kama mtu aliyekumbuka sufuria.

"Si ndiyo ina picha ya mama yako?"

Nilikasirika, nikafurahi, nikakosa usingizi. Mpiga picha mmoja wa zamani wa hapa aliniambia filamu za miaka ile nyingi zimekwisha kuharibika, ila kama haijaona mwanga huenda ikatoa chochote, hata kivuli. Kivuli kingenitosha. Nikampigia shangazi simu kumwambia kwamba Jumamosi nakuja kwake Maneromango kuichukua.

Sasa, kwetu kitu cha marehemu hakikabidhiwi kikiwa na uvundo. Kinafutwa, kinaanikwa, kinafukizwa udi, ndipo mrithi anapewa. Nalijua hilo tangu utotoni, na bado halikunijia akilini.

Nilipofika, uani palikuwa na mkeka, juu yake kanzu ya baba na kamera, mgongo umebanduliwa. Filamu yenyewe ilikuwa kwenye kamba ya nguo, imebanwa kwa vibanio, inapepea juani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuanikia tangu asubuhi. Ilikuwa na unyevu humo ndani, ingekuozea bure."

Nilikaa kwenye mkeka. Hasira ilipanda ikakosa pa kwenda. Unamfokeaje bibi mzee aliyeinama tangu asubuhi kwa ajili yako? Nilimweleza taratibu kwamba filamu haitaki jua, na kwamba sasa haina kitu. Alisimama akiitazama ile kamba, udi ukiendelea kufuka pembeni.

Nilikuwa nimebakiwa na njia moja tu.

"Basi nieleze wewe, shangazi. Wewe ulimwona. Alikuwaje?"

"Mweusi wa kung'aa," akaanza upesi. "Na hapa shavuni..." Akatikisa kichwa. "Hapana, huyo alikuwa dada yake."

Alikuja akakaa karibu yangu, akanishika mkono.

"Mwanangu, sura yake imenitoka siku nyingi. Na mimi nilikuwa naingoja hiyo picha."