Fundi Aliyeitwa Mwizi

Sufiani Mkude alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja: ukimwonyesha kompyuta iliyowekewa programu za wizi, atakugombeza kama amekuzaa. Alizaliwa Kinole, milimani, kwenye mashamba ya pilipili manga na mdalasini. Aliposhuka Morogoro mjini alijifunza ufundi kwa rafiki yake Nasibu, mwenye kibanda karibu na soko. Yeye mwenyewe hakuwa na kibanda. Alipita majumbani, begi mgongoni, na kuanzia Kilakala hadi Bigwa watu walimjua.

"Kwa nini uibe kitu kinachogawiwa bure?" ndivyo alivyozoea kuwauliza. "Unataka kuandika barua? Weka LibreOffice. Unataka kutazama video za harusi na za kwaya? VLC hiyo, haichagui. Mashine imezeeka, inajikokota? Ivue hilo joho zito, uivike mfumo mwepesi wa Linux Mint, utaiona inavyotembea. Waliozitengeneza wamezitoa kwa ridhaa yao. Anayekuuzia za kukraki, zilizovunjwa kufuli, anakuuzia na virusi humo humo, kama muuza nyama anayekufungia na nzi wake."

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, saa saba mchana, alikuwa Bigwa nyumbani kwa Mwalimu Theresia, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiandika nyimbo za kwaya ya kanisa lake. Mashine yake ilikuwa imekataa kuwaka. Sufiani aliifungua, akanusa harufu ya waya ulioungua.

"Shida ni kifaa cha umeme, Mwalimu. Nyimbo zako zimo, hazijaguswa. Naipeleka kwa Nasibu tuibadilishie, Jumatatu nakurudishia."

"Nenda nayo, mwanangu. Ila manyunyu hayo, isilowe."

Akampa kanga kuukuu. Sufiani akaifunga mashine vizuri, akaiweka begani, akashika njia ya kuteremkia mjini. Hakukumbuka kwamba simu yake ameiacha mezani.

Asichokijua ni kwamba wiki ile ile, katika mtaa aliokuwa akiupita, nyumba mbili zilikuwa zimevunjwa. Televisheni moja ilitoka ikiwa imefungwa kwenye shuka. Watu walikuwa na hasira ambazo hazijapata mahali pa kutua.

"We! Simama hapo!" Sauti ilitoka kwenye tanuri la matofali kando ya njia. Ilikuwa sauti nzito yenye mkwaruzo. "Umebeba nini kwenye kanga?"

"Kompyuta. Ya Mwalimu Theresia, hapo juu. Mimi ni fundi."

"Fundi gani anafunga kompyuta kwenye kanga ya mwanamke?"

"Mpigieni simu mwenyewe," alisema Sufiani, akapapasa mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu. Mkono ule uliopapasa bila kupata kitu ndio uliomponza.

"Mwizi!"

Neno lile likishatoka halirudi mdomoni. Tofali la kwanza lilimpata kwenye bega lenye mashine, mashine ikaanguka, bati lake la ubavuni likabonyea. Aliinama kuiokota. Ufundi bwana, hata wakati ule aliinama kuiokota! Gongo likamshukia mgongoni, akaenda chini kifudifudi kwenye matope. Wakaja wengine wakitoka madukani na majumbani, mwanamke mmoja na mwiko wake mkononi. Mtu akamkanyaga Sufiani mkono wa kulia na mwingine akaupiga kwa nondo, mara moja, mara mbili. Aliisikia mifupa ya vidole ikivunjika kama vijiti vya kuwashia moto. Alijikunja, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili, akapiga shahada kwa sauti akidhani ndiyo ya mwisho. Teke likamfunga mdomo kwa damu.

"Leteni petroli!" mtu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi. Tairi likaanza kuviringishwa kutoka upande wa pili wa njia.

Mwalimu Theresia alikuwa akiteremka na simu ya Sufiani mkononi, akitumaini kumkuta njiani. Aliona kundi, kisha akaona pindo la kanga yake ndani ya matope. Miaka sitini na minane aliyokuwa nayo haikumzuia. Alipenya katikati ya watu akajitupa juu ya Sufiani, mwili mzima.

"Ni fundi wangu! Mimi ndiye niliyempa! Nipigeni mimi basi!"

Na wakampiga. Gongo lililokuwa limeshainuliwa halikujua kusimama, likamvunja kifundo cha mkono. Kilio chake ndicho kilichowazindua, maana nusu yao aliwafundisha kusoma. Gongo likaangushwa chini. Tairi likaachwa lilale. Katika muda wa kumeza mate, kila mtu akawa mpita njia.

Polisi walipokuja kuuliza, hakuna aliyeona kitu.

Sufiani alilala hospitali wiki tano. Jicho la kushoto, lililofumbwa na kipigo, lilirudi likiona kwa ukungu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilipona vikiwa vimepinda, visivyoweza kukamata bisibisi. Mkewe Mwanvita alimwogesha, akamlisha uji, akamwomba warudi Kinole wakalime.

"Nirudi nikiwa mwizi?" alimjibu. "Watasema nimekimbia."

Lakini hakutoka nje pia. Alikaa chumbani na ile hasira ya watu ikahamia ndani yake, ikajenga. Aliivunja redio kwa sababu ilikoroma. Alipiga teke ndoo ya maji ikagonga ukuta. Asubuhi moja Mwanvita alimwambia chai imepoa, aipashe moto? Sufiani akainuka na ngumi juu. Mwanvita hakukimbia. Alijikunja pale pale chini, akafunika kichwa kwa mikono miwili.

Sufiani aliiona ile mikono. Alijua jinsi mtu anavyojifunika hivyo, na anachokisikia akiwa humo ndani. Ngumi ilibaki hewani, kisha yeye mwenyewe akaketi sakafuni na kulia kama aliyefiwa.

"Ungenipiga," alisema Mwanvita.

"Ningekupiga."

"Basi toka humu ndani, Sufiani. Nenda kafanye kazi. Ukiinua mkono huo tena, mimi nakwenda Kinole peke yangu."

Akatoka. Kazi ya kufungua mashine hakuiweza tena, na kubeba kompyuta ya mtu barabarani aliapa hataibeba mpaka kufa. Akabaki na kitu kimoja, kufundisha. Alijaza programu zake za bure kwenye flashi, akarudi majumbani, akawa hashiki kitu. Anakaa kwenye kiti pembeni na mwenye mashine anafanya mwenyewe. "Bonyeza hapo. Soma kabla ya kukubali. Usipakue kwenye tovuti yoyote tu, nenda kwa wenyewe. Hifadhi nakala ya mafaili yako kwanza, ndipo ubadilishe chochote." Wa kwanza alikuwa Mwalimu Theresia, na mkono wake kwenye plasta. Nyimbo zake zilikutwa salama ndani ya ile mashine iliyopigwa matofali.

Mwezi wa tisa alipigiwa simu na mwanamke aitwaye Glory. Ana kompyuta kuukuu, anataka kuandikia watu barua na wasifu wa kuombea kazi nyumbani kwake, na imejaa virusi. Sufiani akaenda. Glory alikuwa mwepesi wa kuelewa. Walihifadhi mafaili yake, wakachomeka flashi, Linux Mint ikaanza kujiweka. Walikuwa wanatazama mstari wa kwenye skrini ukijaa taratibu, ndipo mlango wa uani ukafunguliwa.

"Glory, mgeni amepewa maji?"

Sauti nzito, yenye mkwaruzo.

Sufiani hakugeuka kwanza. Vidole vilivyopinda vikaanza kuuma kama vimevunjwa leo. Alipogeuka aliona mtu mrefu mwenye vumbi la matofali miguuni. Yule mtu naye alivitazama vidole, akapanda na macho mpaka usoni, uso wake ukabadilika rangi.

"Wewe ndiye uliyeita," alisema Sufiani.

"Ndugu yangu..."

"Wewe ndiye uliyeita mwizi!"

Alinyakua kibodi ya zamani, nzito, akampiga nayo mdomoni kwa nguvu zote za mkono wa kushoto. Herufi zikaruka chumba kizima. Yule mtu, Evance, akagonga ukuta, damu ikamwagika kidevuni na jino likaanguka kwenye sakafu. Sufiani akampiga tena, sikioni. Akainua mara ya tatu.

Glory alirudi nyuma mpaka dirishani. Dirisha lilikuwa wazi, na nje palikuwa na watu. Akavuta pumzi, akafungua mdomo: "Mwi..."

Evance alimrukia mkewe, akamziba mdomo kwa kiganja chenye damu.

"Usiite!" alimwambia kwa sauti ya chini, akihema. "Glory, nakuomba, usiite watu. Watamuua. Nawajua. Watamuua huyu."

Kibodi ilikuwa bado juu. Sufiani alimwona Evance akimkumbatia mkewe hivyo, macho yakiwa kwake, akiwa hajikingi. Akaiweka kibodi chini polepole. Akashika ukuta mpaka mlangoni, akatoka. Begi alilikumbuka. Flashi aliiacha.

Jioni, jua likiwa bado kwenye vilele vya Uluguru, simu iliita. Alikuwa Glory, sauti yake imekauka.

"Fundi. Imemaliza. Inaniuliza jina la mtumiaji."

Mwanvita alikuwa akimtazama.

"Andika lako," alisema Sufiani. "Herufi ndogo, usiache nafasi. Kisha weka neno la siri ambalo hata mumeo halijui."

Akasikia vidole vikigonga, huenda kwenye kibodi ya kuazima.

"Imekubali."

"Haya. Mwambie mumeo Jumatatu asubuhi nitakuwa polisi. Aje aseme alichonifanyia, na aliokuwa nao. Na mimi nitasema nilichomfanyia leo."

Jumatatu alikaa kwenye benchi la kituo pamoja na Mwalimu Theresia tangu saa mbili. Saa tano Evance aliingia, mdomo umevimba, mkewe nyuma yake. Alimwamkia Mwalimu, "Shikamoo," akiwa ameinamisha kichwa. Mwalimu hakuitikia. Evance akaketi mwisho wa benchi. Askari alipouliza nani anaanza, Evance akasimama, akataja jina lake, kisha akayataja ya wengine wanne.