Mashine ya Bisi na Kiatu cha Bibi Veturia

Bibi Veturia alikuwa haji kwenye mkutano wa wazazi bila soksi anayoifuma. Anakaa kwenye kiti cha mtoto mdogo, magoti yanamfika kidevuni, sindano zinakwenda na mdomo unakwenda. Alikuja kwa ajili ya mjukuu wake Horea, maana mama yake Horea yuko Italia anatunza kikongwe wa watu. Baba yake naye yuko huko huko, ila hakuna anayeuliza yuko na nani.

Maisha yake yote alifanya kazi kwenye kiwanda cha vifungo, huku kwetu kando ya mto Olt. Kiwanda kilipofungwa, watu walipewa vitu badala ya mshahara wa mwisho, na yeye akaondoka na ndoo ya vifungo ambavyo havijatobolewa matundu. Anavyo mpaka leo. Anasema ipo siku.

Pasaka moja, kamati ya wazazi wa darasa la Horea iliamua kuuza cozonac, ile mikate mitamu yenye kokwa za jozi ndani, mbele ya kanisa. Kila mama aliahidi kuoka. Siku ilipofika, wengi walileta ya dukani, wameitoa kwenye mfuko wake na kuizungushia taulo la jikoni ili ionekane imetoka kwenye oveni muda ule ule. Watu hawakudanganyika. Walipanga foleni kwa Bibi Veturia peke yake. Kwa fedha hizo darasa lilinunua mashine ya bisi, nyekundu, yenye vioo pande zote na magurudumu makubwa kama gari la sarakasi, na kwa kuwa mikate ilikuwa yake, akakabidhiwa yeye aiendeshe.

Ijumaa ya kwanza alitia mahindi ya shambani kwake, yale ya ugali wa njano. Hayakupasuka hata moja. Yaliungua tu, na shule nzima ikatolewa nje kwa moshi. Watoto walifurahi sana, wakaomba wiki ijayo afanye hivyo hivyo. Baadaye alijifunza. Kila Ijumaa baada ya masomo alifunga aproni na kusimama kwenye korido akimgawia kila mtoto, wa darasa lile na wa madarasa mengine, na alimjua anayetaka chumvi nyingi na anayeziogopa zile zilizoungua. Binti yangu Ilinca, aliyekuwa analia getini kila asubuhi, Ijumaa alikuwa halii. Na mimi Ijumaa nilikuwa silii njiani nikirudi.

Sasa, pale shuleni yupo Mzee Octav, mtunza stoo. Mzee Octav ana kopo la rangi nyekundu ya mafuta na brashi nyembamba, na ana sheria moja: kitu kikilala shuleni ni cha shule, na kikiwa cha shule kinapigwa namba. Meza zina namba, jiko lina namba, mpira una namba upande mmoja na kiraka upande wa pili. Padri alisahau kindoo chake cha maji ya baraka siku ya kufungua shule. Alipokifuata kesho yake kilikuwa namba 318, na mpaka leo anabariki nyumba zetu kwa mali ya shule.

Bibi Veturia hakutaka mchezo. Kila Ijumaa jioni aliifunga mashine kamba na kuivuta barabarani mpaka kwake, kama mtu anayerudisha ng'ombe kutoka malishoni. Magari yalimpisha.

Mwaka huu Horea alimaliza darasa la nne, na shule ya wakubwa iko ng'ambo ya daraja. Kwetu darasa likihama linahama na vitu vyake. Waliotangulia waliondoka na mapazia, saa ya ukutani, na udongo wa vyungu vya maua, vyungu wakaviacha kwa sababu vilikuwa na namba. Kwa hiyo baba mmoja, Remus, anayejua sheria zote zinazojadiliwa baa, alianza mapema kufungua ndoano za makoti kwa bisibisi. Alitaka hata kapeti ya plastiki ing'olewe. Bibi Veturia alikuwa upande wake kwa sauti kubwa. Mashine inakwenda kwake, basi.

Ijumaa moja nilimsaidia kuisukuma pale kwenye mlima wa kanisa. Nikamuuliza ataiweka wapi.

"Jikoni, karibu na dirisha."

"Na Horea anapenda bisi?"

"Horea? Amezichoka mpaka harufu yake." Akavuta kamba kidogo. "Atakula paka."

Nilijua paka wake alikufa wakati wa baridi. Nikaendelea kusukuma. Nilikuwa nadhani anapigania mashine, kumbe alikuwa anapigania Ijumaa, na mashine ikienda jikoni Ijumaa inabaki shuleni.

Ijumaa iliyofuata ilinyesha mvua ya mawe, mawe makubwa kama mayai ya kwale, na haikukatika. Mashine ina vioo, haikuwezekana kutoka nayo. Bibi Veturia alimpeleka Horea kwetu, akarudi shuleni kuilinda. Alivua viatu vyake vya mpira vilivyolowa, akaviweka juu ya mashine vikauke kwenye joto la taa yake, akakaa kwenye kiti, akaukumbatia mguu wa mashine, akapitiwa na usingizi.

Mzee Octav hufika kabla ya jua. Bibi Veturia alipoamka, mashine ilikuwa namba 412. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa namba 413. Cha kulia kiliponea chupuchupu kwa sababu rangi ilikuwa imeisha kwenye kopo.

Jumatatu mwalimu mkuu, Bi Steliana, aliita wazazi wa darasa hilo, na sisi wa darasa la chini ambao tungerithi chumba. Alisema mashine imekuwa ikitumia umeme wa shule, kwa hiyo ni ya shule. Remus akasema fedha ni za wazazi, na kama kutumia umeme wa shule kunakufanya mali ya shule, basi simu yake ni ya shule tangu mwezi wa pili. Walizunguka hapo hapo muda mrefu. Mwishowe Remus alipendekeza igawanywe, kila familia ichukue kipande. Yeye angechukua taa. Mama mmoja alishaanza kuuliziaulizia magurudumu.

Nilikuwa nimekaa jirani na Bibi Veturia. Sindano zake zilisimama. Sijawahi kuziona zimesimama. Nikasema polepole, nikimtazama yeye, kwamba ingebaki, sisi wa chini tungefurahi, lakini hakuna kati yetu anayejua kuiendesha.

Alinitazama. Halafu akainama, akavua kiatu cha kushoto, akakiweka mezani mbele ya mwalimu mkuu.

"Octav, soma hapo."

"Mia nne kumi na tatu," alisema Mzee Octav.

"Na sheria yako inasemaje?"

"Kitu kikilala shuleni ni cha shule."

"Mashine ililala?"

"Ililala."

"Na mimi nililala?"

Mzee Octav alikuna kichwa. "Ulilala, bibi. Ulikuwa unakoroma."

"Basi mashine ni ya shule, na mimi ni wa shule. Tusichoshane."

Remus alisema huo ni uhuni, wao ndio walionunua. Bibi Veturia akamwambia wewe Remus mkate wako ulikuwa wa dukani, na kibandiko cha bei ulikisahau kwa chini. Mwalimu mkuu alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Mzee Octav, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumsikia mtu akiiheshimu sheria yake, alisimama wima na kutangaza kwamba kitu chenye namba hakitoki shuleni mpaka kamati ikae na kuthibitisha kuwa hakifai tena. Remus alipewa ndoano zake za makoti, akaondoka nazo mfukoni zikigongana.

Horea sasa anavuka daraja kila asubuhi kwenda kwa wakubwa, na bibi yake anakuja kwetu Ijumaa. Ilinca amepewa kazi ya kushika chumvi. Juzi Mzee Octav alikuwa anahesabu mali za shule kama afanyavyo kila mwaka. Alipofika kwenye korido akaita mia nne kumi na tatu, na Bibi Veturia, bila kuacha kukoroga, akainua mguu wa kushoto nyuma kama farasi anayepigiliwa chuma kwatoni.

"Ipo," alisema Mzee Octav akiandika. "Imechakaa kiasi."

Ijumaa hiyo hakupewa bisi.