Mpathani Wetu na Mababu wa Kuazima

Kwetu Garissa mtoto wa kiume wa miaka saba anatakiwa kuwataja mababu zake bila kukwama: baba, babu, baba wa babu, kurudi nyuma hadi wanaomsikiliza waridhike. Mimi nilifika miaka ishirini na miwili nikiwa bado nakwama kwa wa nane. Nilikuwa mkuu wa nyumba yenye wadogo watatu, nilikuwa na punda na mkokoteni wa maji, na nilikuwa na sauti nzito ya kutosha kuficha mambo mengi nisiyoyajua.

Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa mara mbili, kwa sababu tulikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ukoo wa Kisomali ambao watu wanatujua kwao. Ya pili ilikuwa ya ndani, ya Mpathani. Baba yake babu yangu hakuzaliwa upande huu wa bahari. Alikuwa Mkakari, kabila mojawapo la Wapathani, kutoka milima ya Zhob karibu na Afuganistani. Aliletwa Mombasa kujenga reli, reli ikamchosha, akaufuata mto Tana akiuza nguo na majani ya chai, akaoa binti wa wafugaji, na wajomba wa watoto wake wakawaingiza katika hesabu yao. Mtu wa namna hiyo Wasomali humwita sheegat, anayejitaja kwa ukoo uliompokea. Si tusi, ila si neno ambalo mtu hulitangaza sokoni.

Baba alikuwa dalali wa ng'ombe. Kila Ijumaa baada ya chakula aliniketisha mbele yake na kunikaririsha orodha zote mbili, pamoja na safari: nani alihama kutoka wapi, kwa ukame gani, kwa ugomvi gani. Mimi jicho lilikuwa dirishani, kwa wenzangu waliokuwa na mpira wa matambara. Dada anayenifuata alikuwa mdogo, anamimina anjera, chapati zetu za maji, kwenye kikaango pembeni ya mlango. Hakuna aliyemfundisha yeye. Nani angemuuliza msichana babu wa kumi na mbili?

Kisha baba akafa kwa ajali ya lori, na mama akamfuata kwa homa kabla ya mwaka kuisha. Nilikuwa darasa la saba. Niliacha shule nikanunua punda, na watu wa mtaa wetu wa Iftin wakanisifu kwamba nimejitolea kwa ajili ya wadogo zangu. Nawashukuru mpaka leo, lakini ukweli ni kwamba hesabu za sehemu zilikuwa zimeshanishinda wakati wazazi wangu wote wawili wakiwa wazima.

Nikarithi na Ijumaa. Baada ya chakula niliwaketisha wadogo zangu kama baba alivyoniketisha, nikafungua mdomo, nikagundua kwamba katika orodha ya ukoo nina majina saba, na katika ya Mpathani nina matatu. Mtu mwingine angesema, "Hapa nimesahau." Mimi nilikuwa kichwa cha nyumba. Nikajaza.

Kwa upande wa Mpathani nilijaza kwa msaada wa atlasi niliyotoka nayo shuleni. Ilikuwa imechanika, na ukurasa uliopotea ndio uliokuwa na bahari. Kwa hiyo katika historia yangu Mpathani hakupanda meli. Alitembea kutoka Karachi hadi Mombasa kwa miguu, akipitia Arabuni, nyuma ya ngamia arobaini. Tena hakuwa kibarua wa reli. Nilimfanya mtoto wa mfalme aliyekimbia kaka zake wenye wivu. Dada yangu alikuwa akimimina anjera. Mara moja aliuliza, "Abowe," yaani kaka, "na ngamia walivukaje Bahari ya Shamu?" Nikamwambia aangalie isiungue.

Kwa upande wa ukoo nilijaza kwa njia nyingine. Pale mtoni, tukisubiri zamu ya kuteka, vijana wa mikokoteni walishindana kutaja mababu. Mmoja wao aliwataja vizuri sana, majina yanateremka kama shanga kwenye uzi. Nikachukua sita ya kwake nikayaunganisha chini ya yangu. Nilijiambia kwamba huko nyuma wote ni wamoja, majina hayana mwenyewe.

Mwaka mmoja kabla ya mvua za El Nino, dada alipata nafasi katika chuo cha ualimu, mbali, ng'ambo ya daraja la Tana. Sisi tulisema "kwenda Kenya," kana kwamba tulipokuwa ni nchi nyingine, na askari wa kizuizi pale darajani walikubaliana nasi kabisa: bila kitambulisho huvuki. Barua ilisema aripoti baada ya wiki tano. Hakuwa na kitambulisho. Wala mimi sikuwa nacho. Sikuwahi kuvuka daraja, na punda hakuwahi kuniuliza kitambulisho.

Kitambulisho kwetu hakikuwa jambo la kujaza fomu tu. Miaka ile wakimbizi walikuwa wengi kutoka ng'ambo ya mpaka, wenye lugha yetu na sura zetu, na serikali ilitaka kujua nani ni wa hapa. Kwa hiyo mwombaji alisimama mbele ya kamati ya wazee. Wazee walimuuliza ukoo, mlango wa ukoo huo, mababu. Wakimkubali, karani aliandika. Wakimkataa, afisa aliweka fomu yake upande wa pili wa meza, na upande huo haukuwa na chuo. Kamati ilikuwa inakaa mara moja tu kabla ya siku ya dada kuripoti.

"Abowe," aliniambia asubuhi ile tukienda, "tuwaambie ya Mpathani?"

"Unataka wakupeleke kambini? Utasema wewe ni Mwafugani wakati wanatafuta wageni?"

"Basi yale majina ya ukoo unayajua?"

Nilisimama njiani ili aone jinsi nilivyoumia. "Mimi ndiye niliyekufundisha," nikasema.

Akatangulia mbele. Nilidhani nimeshinda.

Ukumbi wa ofisi ulikuwa na bati bila dari, na watu wamebanana ukutani kutafuta penye nafuu ya joto. Wazee watano walikaa kwenye benchi. Mkubwa wao alikuwa na ndevu za hina na tasbihi mkononi, macho ameyafumba. Kila babu aliyetajwa, alisogeza punje moja. Afisa, mtu wa bara, alijipepea kwa fomu na kumtegemea karani amtafsirie.

Tuliitwa pamoja, maana nilikuwa mlezi wake na nilikuwa naomba cha kwangu pia. Nikaanza. Saba yangu yaliteremka vizuri. Sauti ilikuwa nzito, nikaipenda mwenyewe. Mwenye akili angeishia hapo. Mara nyingi wazee walisema "baas," inatosha, kwenye la sita au la saba. Mzee hakusema. Labda alisinzia. Mimi nikachukulia kwamba anafurahia kunisikiliza, nikaendelea na sita ya mtoni.

Kwenye la tatu tasbihi ilisimama.

"Rudia huyo," mzee akasema, macho bado yamefumba.

Nikarudia.

"Na kabla yake?"

Nikataja.

"Na kabla ya huyo?"

Nikataja, polepole kidogo.

Akafumbua macho. "Waryaa, we kijana, huyo wa kwanza niliyekuuliza ni babu yangu. Mzaa baba yangu. Nilimzika mimi." Akawageukia wenzake. "Alikuwa na mabinti wanne na mtoto mmoja wa kiume, ambaye ni baba yangu. Na baba yangu alinizaa mimi peke yangu, kwa taabu. Sasa huyu kijana ametoka wapi? Ama huyu ni mimi?"

Benchi zima lilicheka. Mzee aliyekaa pembeni akasema, "Mshukuru Mungu, umepata ndugu uzeeni."

"Ndugu mwenye punda," akaongeza mwingine, aliyekuwa ananunua maji yangu.

Ukumbi mzima ukacheka sasa. Na mimi nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natafuta kitu cha kujifunika uso. Nilijitetea. Nilisema, kwa heshima zote, kwamba huenda mzee amesahau.

Kicheko kilikatika mara moja. Karani akamnong'oneza afisa. Afisa akauliza kwa Kiswahili, "Kwa hiyo si wa hapa?" Na nikaona mkono wake ukichukua fomu mbili, yangu na ya dada, zikielekea upande ule wa pili wa meza. Wiki tano, kikao kimoja, na mimi nimekimaliza kwa majina ya kuokota mtoni, na kumbe kijana niliyemchukulia ni wa uzao wa mzee huyu.

"Adeer," dada akamwambia mzee, kama mtu anavyomwita ami yake. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Naomba kusema."

"Sema, binti yangu. Wewe pia ni dada yangu?"

"Hapana, adeer. Sisi ni wa Mpathani."

Nilimkanyaga mguu. Akauondoa, akaendelea. Alitaja majina ya ukoo kwanza, yote kumi na matatu, na yale sita ya mwisho hayakufanana na yangu hata moja. Akaeleza ni mjomba gani aliyempokea babu yetu katika hesabu hiyo. Kisha akaanza ya ndani. Alisema Wakakari ni wafugaji wa kondoo wenye mikia minono, wanaoishi kwenye mahema ya manyoya ya mbuzi. Baridi ikija wanashuka mabondeni, joto likirudi wanapanda.

"Kama sisi tu," mzee mmoja akasema, "ila wao wana mahali pa kupanda."

Alisema Wapathani wote wanadai babu mmoja aliyekwenda Madina kusilimu enzi za Mtume, na kwamba baba alikuwa akisema kila kabila lina babu wa Madina na hakuna haja ya kugombana nao. Wazee wakaguna kwa ridhaa. Alisema Mpathani wetu alikuwa mtoto wa tatu, kondoo wakafa kwa ukame, akashuka Karachi, akapanda meli. Meli! Alitamka hivyo bila kunitazama, na nilimshukuru kwa kutonitazama. Hakuwa mtoto wa mfalme. Kwao walikuwa pia wachimbaji wa mifereji ya chini kwa chini, inayotoa maji mlimani hadi mashambani bila kuona jua.

"Alipofika huku," dada akasema, "akataka kuchimba mfereji kama huo, njia ya kwenda Sangailu. Akachimba miaka miwili."

"Huko hakuna mlima," karani akasema.

"Ndiyo. Watu walimwambia."

Mzee wa hina aliinama mbele. "Shimo la Mhindi!" Akapiga paja lake. "Shimo refu, linakwenda kando, halafu linakatika bila kufika popote! Mvua ikinyesha linajaa. Mama yangu alinywesha mbuzi pale. Mimi nimezaliwa mwaka mama alipohamia pale kwa sababu ya maji yale. Tulimcheka yule mtu mpaka tukashiba, na tukanywa maji yake."

"Hakuwa Mhindi," nikasema.

"Wewe nyamaza," wazee watatu wakasema pamoja.

Mzee akamgeukia afisa, akaacha Kisomali, akachukua Kiswahili chake cha sokoni. "Bwana, hii msichana iko yetu. Baba yake na babu yake, sisi najua. Andika."

"Na huyu?" afisa akauliza, akininyooshea kalamu.

Mzee akasogeza punje moja ya tasbihi. "Hii imesema iko ndugu yangu. Mimi hapana na ndugu muongo. Irudi nyumbani, ifundishwe na hii msichana, halafu ikuje kikao ingine."

Hivyo ndivyo nilivyokataliwa katika nchi niliyozaliwa, kwa sababu ya haki kabisa. Kikao kingine kilikuja baada ya mwaka mzima. Nilipata cha kwangu kwa kutaja majina kumi na matatu niliyoandikiwa na dada kwenye karatasi ya daftari, na nilipofika mwisho nilifunga mdomo kwa mkono.

Siku ile tulirudi Iftin kwa miguu. Karibu na nyumbani nikamuuliza, "Kama ulikuwa unayajua, mbona miaka yote hukunisahihisha?"

"Wadogo walikuwa wamefiwa na baba," akasema. "Sikutaka wajue kwamba na wewe hujui."

Siku ya safari nilimpeleka hadi kizuizini kwa mkokoteni, sanduku lake kati ya mitungi. Nilikuwa nimeota kumvusha mwenyewe hadi kwenye basi, nikiwa nimevaa shati la Idi. Shati nililivaa. Askari akamwomba kitambulisho, naye akatoa karatasi yake ya kusubiria, yenye alama za vidole. Yule askari akaitazama mbele na nyuma, akampisha.

"Na wewe?"

"Namsindikiza."

"Wewe ni nani?"

Maisha yangu yote nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, kwa majina mengi na ngamia arobaini. "Kaka yake," nikasema.

"Basi kaka abaki huku."

Dada alishusha sanduku mwenyewe, akalishika kwa mikono miwili. "Abowe, Ijumaa watoto wakikuuliza, usijaze," akasema. "Waambie wanisubiri nifunge chuo."

Akaondoka, sanduku likimgonga magotini, hata hakugeuka, na alifanya vizuri kutogeuka. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, shati la Idi limelowa mgongoni, hadi askari akaniuliza kama yale maji ninauza. Nikamjazia chupa yake.