Vigingi vya Mwaloni

Siku ya kwanza kuripoti kazini Mbinga, Afisa Mipango wa Wilaya hakunionyesha meza yangu. Alinipandisha kwenye gari, tukaenda kata moja ya milimani, akanisimamisha mbele ya banda la soko lisilo na paa. Ndani majani yalikuwa yamefika kiunoni na mbuzi walikuwa wakijilia.

"Mfadhili alikuwapo, mkandarasi alikuwapo, na sherehe ilifanyika," aliniambia. "Binti, mtu akikuletea zawadi ofisini, muulize ataondoka na nini."

Nilikuwa nimetoka kusomea uchumi na nilidhani mzee wa watu amechoka na kazi. Baadaye nikawa kama yeye, pengine nikamzidi.

Miaka yangu ya mwanzo ilikuwa ya upembuzi yakinifu, yaani kuchunguza kama mradi utafaa kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa. Nilizunguka Litembo na Mbuji kwa bodaboda, na njia ilipomshinda dereva nilishuka nikatembea. Niliwauliza wakulima wa kahawa barabara ipite wapi na magunia yao yanalala wapi wakati wa mvua. Enzi hizo fedha zilitoka serikalini na wananchi walichangia nguvu zao: mawe, mchanga na migongo. Ubia tulikuja kuusikia kwenye semina. Maana yake ni kwamba mtu binafsi na halmashauri wanajenga kitu cha umma kwa pamoja, kila mmoja akibeba sehemu yake ya hasara na ya faida. Siupingi hata leo. Ila ndoa ya matajiri na maskini huhitaji wazee wengi wa kusimamia.

Nilipohamishiwa ziwani, Mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Mfanyabiashara mmoja kutoka Songea alikuwa amekuja na andiko la mradi. Alitaka kujenga mwalo wa kisasa, yaani mahali pa kupokelea samaki, wenye sakafu ya saruji, paa na chumba cha baridi, katika kijiji kimoja cha ufukweni ambacho sitakitaja. Mtindo ulikuwa ule wa jenga, endesha, rejesha. Angejenga kwa mtaji wake, akaendesha kwa miaka ya makubaliano, kisha mali ingerudi halmashauri.

Tulikaa naye mezani. Mwanasheria wetu alimuuliza nani atabeba hasara samaki wakipungua. "Mimi," akasema. Nani atakarabati? "Mimi." Wavuvi wadogo watapokelewa? "Bila shaka." Wenzangu walifurahi. Mimi nilitoka pale na wasiwasi, maana mtu anayekubali kila kitu huwa ameshachagua mahali pake pa kukataa.

Gari la halmashauri lilikuwa gereji, kwa hiyo Mkurugenzi alituagiza twende na gari la mwekezaji, mimi na mpima ardhi. Vigingi vilipigwa mchana, mbele ya wanakijiji. Upande wa ziwani mpaka uliishia kabla ya vichanja, zile meza za fito ambazo wanawake huanikia usipa, dagaa wa kwetu. Vichanja vilibaki nje, katika ardhi ya kijiji.

Tuliporudi kukabidhi eneo, vigingi vilikuwa vimesogea. Vichanja vyote vilikuwa ndani.

Nilimgeukia mwekezaji mbele ya watu. "Nani amehamisha mpaka?"

"Mama, mimi nahitaji uzio mfupi," alijibu kwa upole. "Mrefu nitaujenga kwa mfuko wangu. Nivisogeze ili iweje?"

Jibu lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio ulionizidishia shaka. Nilikataa kukabidhi. Diwani akasema nachelewesha maendeleo. Mkurugenzi alinipigia simu. "Una ushahidi?" Nikasema sina. "Basi utafute, au uache watu wafanye kazi."

Nilishuka kwenye vichanja. Mama Ester, kiongozi wa wanawake waanikaji, alikuwa akigeuza usipa kwa viganja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuacha kugeuza.

"Nani alivisogeza vigingi?"

"Sisi."

Akaendelea, bila kupandisha sauti. "Akizungusha uzio, wanunuzi wataingia kule ndani. Sisi tutabaki huku na mchanga. Tukaona bora tuwe ndani."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Tukuambie wewe? Ulikuja na gari lake."

Maneno yale yalinichoma, lakini nilikuwa na langu la kusema. Nilimweleza kwamba ardhi yoyote iliyo ndani ya mpaka ingekuwa chini ya yule bwana mpaka siku ya mwisho ya ubia. Wangeanika usipa kwa ruhusa yake na kuondoka kwa amri yake. Wanawake wengine walikuwa wamesogea kusikiliza. Nje wangekufa njaa, ndani wangekuwa wapangaji katika ufukwe wa bibi zao. Mmoja akauliza tufanyeje, na tukakaa pale mchangani tukajadiliana mpaka usipa ukakauka.

Tulikubaliana vigingi virudi vilipokuwa, lakini uzio uwe na lango la pili upande wa vichanja, na wanunuzi wapite huko. Nilipolipeleka ombi hilo mezani, yule bwana aliyekubali kila kitu alitikisa kichwa kwa mara ya kwanza. "Lango moja. La barabarani."

Basi nikajua mahali pake pa kukataa. Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya kutoa ardhi, na huko ndiko shauri lilikopelekwa. Mwenyekiti alipotaka wanaokubali ardhi itolewe kwa lango moja wanyooshe mikono, Diwani alinyoosha wake, akageuka nyuma kutazama. Wanawake walikuwa wamefumbata mikono mapajani, na waume zao waliwatazama wao kabla ya kufanya lolote. Mwekezaji aliondoka bila kuaga. Ofisini walininunia, na mimi mwenyewe nililala vibaya, nikihofia nimewanyima watu barafu na paa. Kabla ya mvua kuanza yule bwana alirudi na ramani yenye malango mawili.

Sasa nimestaafu, nalima kahawa yangu Litembo. Vijana wa mipango huja kuniuliza siri ya ubia. Nawaambia wasome mikataba, kisha wakaulize wale ambao mkataba hauwataji.

Juzi niliteremka ziwani. Mwalo unafanya kazi, na malango yote yalikuwa wazi. Msimamizi alinipa kiti na soda, akaniambia kwa adabu kwamba wanaomba kuongezewa muda wa ubia, kwa sababu maji ya ziwa yalipanda yakaharibu sakafu, nao wanataka kurudisha gharama ya kuikarabati. Nilimaliza soda yangu, nikashukuru, nikashuka kwa Mama Ester kumuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Yalipanda. Yakachukua na vichanja vyetu. Lakini sisi hatujasikia wa kutuongezea muda."