Mawe ya Maharagi

Lineti yangu mpya ya macho ingali inaniumiza pua, lakini leo nilimwaga maharagi kwenye lungo, harufu ya vumbi yake ikapanda, na nikaona mawe. Mawe mingi!

Wakati wa Zaïre, kwetu nyumbani, ni koko, mama ya papa, ndiye alichaguaka maharagi. Macho yake ilikuwa imechoka, na aliogopa sana wasimunyanganye lungo. Siku moja papa, angali amevaa abakosti, koti yake ya kazi, akauma jiwe: ka! Sisi batoto tukamuangalia.

"Maharagi iko namna gani?" koko akauliza.

"Iko tamu, maman," papa akasema, akameza.

Binti yangu alikuwa anatwanga majani ya sombe, ya muhogo, hapo karibu. Nikamuuliza:

"Na maharagi yangu, siku zote hizi, ilikuwaka namna gani?"

"Tamu, maman," akajibu, bila kuacha kutwanga.