Gauni Lisilokatwa Mwala

Mwanafunzi akikataa kukata kitambaa, mwalimu afanye nini? Niliulizwa swali hilo Mwala, Ukambani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya ualimu na mashaka tele. Mradi mmoja wa Nairobi ulinituma kuwaandaa walimu wa ufundi wanaofundisha vijana wasiojiweza. Jina hilo liliniudhi. Nani aliwapima akaona hawajiwezi? Nikaenda nijionee.

Jumatatu asubuhi mimi na dereva tuliondoka Nairobi kwa pikapu ya mradi. Kwenye mji wa Mlolongo, malori yalipanga foleni kwenye mizani. Tulipoupita mji wa Machakos barabara iliteremka, tukaingia nchi ya vumbi, mbuzi na mikokoteni ya punda iliyobeba maji.

Katika chuo cha ufundi cha Mwala, Mutiso, mwalimu wa uashi, alinipokea akicheka. "Karibu, mwalimu wa walimu! Uko na digrii, lakini uzi kwa sindano unaweza kutia?"

"Naweza, kukiwa na mwanga."

"Basi utapewa chakula."

Jumanne niliketi nyuma ya darasa la Kavinya, mwalimu wa ushonaji. Chuo hakikuwa na vitambaa, kwa hiyo kila msichana alileta nguo kuukuu kutoka kwao, aikate na kuishona upya iwe sketi ya mtoto. Tulikuwa tumeambiwa wote ni mayatima. Nguo nyingi zilikuwa za mama zao. Mikasi ililia darasa zima. Ndinda peke yake alikunja mikono juu ya gauni la maua ya samawati.

"Ndinda, mwiitu wakwa, kata," Kavinya alimbembeleza, akimwita binti yake kwa Kikamba. "Bila hiyo sketi siwezi kukupeleka mtihani wa serikali."

"Sikati, mwalimu."

"Ni nguo tu. Mwenyewe haihitaji tena."

"Sikati!"

"Anaringia gauni la mfu," msichana mmoja akasema. Hakuna aliyecheka.

Wakati wa chakula Kavinya aliniuliza, "Kwa vitabu zenu wanasema aje? Mtoto akikataa kukata, nimlazimishe ama nimwache aanguke?"

Nilizungumza juu ya subira na majonzi. Alingoja nimalize.

"Na mtihani utamngoja?"

Jumatano nafasi ya Ndinda ilikuwa tupu. Alhamisi Kavinya alikwenda kwa shangazi yake Ndinda, alikoishi msichana huyo, akarudi na jibu fupi: msichana ameacha masomo.

Ijumaa tulirudi. Tulisimama Machakos kunywa chai. Dereva akaniuliza nimewafundisha nini walimu wale. Nilikoroga chai ambayo tayari ilikuwa na sukari.

Miaka mingi baadaye nilikutana na Kavinya kwenye mafunzo mengine, nikamuuliza habari za Ndinda. Alisema Ndinda alimtembelea akiwa mtu mzima, mwenye watoto wake, akamweleza yote. Gauni lile alipewa na shangazi, aliyekuwa amekwisha kata tamaa. Lakini wiki ile mama yake Ndinda alikuwa hai, amelazwa hospitali mjini Machakos, na binti alikuwa akimngoja arudi alivae.