Mtu Aliyesimama Hapewi Mbwa

Harufu ya mukene, wale dagaa wa ziwani, wakichemka pamoja na unga wa mahindi, ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kwetu Kisugu, Kampala, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa nchini. Hakikuwa chakula chetu, kilikuwa cha mbwa. Wahindi wenyewe walikuwa wameondoka na masanduku tu, na mbwa wao walibaki wakizurura, mbavu nje, wakilala mbele ya milango iliyokwisha kupata wenyeji wapya. Askari waliwapiga risasi kwa mchezo. Mama, mwanamke wa kaskazini asiyejua kunyamaza, akaanza kuwaokota. Baba alikuwa konstebo wa polisi, Mwislamu mwenye kujihadhari na mate ya mbwa. Alinung'unika sana, akajitengea njia yake uani, na mwisho wake yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akileta mifupa kutoka buchani.

Mama hakutaka kuwafuga wote, alitaka wapate watu. Ila alikuwa na sharti. Anayetaka mbwa aje uani kwetu, avue viatu, akae chini mavumbini, amlishe kwa kiganja chake kila siku mpaka mbwa amfuate bila kamba. "Mkono mtupu haulambwi," aliwaambia. Na hata baada ya kuwapa, aliwafuata majumbani kuona kama wanapiga. Mama Furaha, Mkongo muuza vitenge, alikaa pale akitetemeka na kumwomba Yesu kwa sauti, nasi watoto tukacheka mpaka tukafukuzwa. Lakini mbwa wake alimfuata.

Aliyebaki ni Simba, mkubwa kuliko wote. Nilimpenda kuliko ndugu zangu, wala sioni haya kusema. Alasiri moja kapteni mmoja alishuka kwenye jipu la jeshi, kamba mkononi.

"Wewe mama, leta ile mbwa. Mimi nataka yeye aume watu yangu kule ndani."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni ndani wapi. Waliokamatwa na kupelekwa huko hawakurudi.

"Afande, kwanza toa viatu, kaa chini," alisema mama. "Mbwa lazima ijue mkono yako."

"Mimi nikae chini mbele ya nani?"

"Mbele ya mbwa."

Kapteni akachomoa bastola. Simba akajificha nyuma ya mama. Kapteni akamgeukia baba, aliyekuwa mlangoni amevaa sare yake, ili amwamuru mkewe. Baba akavuka ua, akaja kusimama ubavuni mwa mama. Simba akamlamba suruali, naye hakusogea.

"Hapana, afande," mama alisema. "Hii mbwa hapana enda."

Niliogopa hadi nikajikojolea. Kapteni alitutazama mmoja mmoja, akacheka kicheko kibaya, akaondoka. Hazikupita wiki nyingi baba akafukuzwa kazi, tukalala njaa mara nyingi, na Simba akalala njaa pamoja nasi.

Leo vijana wa Kampala wanaotaka mbwa wa kuokotwa huja kwangu, nami huwakalisha chini vilevile. Wengine huniuliza kama mbwa mmoja alistahili gharama ile. Alistahili! Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Siku hizi kila mtu hukataa dhuluma redioni, kisha huenda kula chakula cha jioni. Zamani zile Kiswahili mjini kwetu kilikuwa lugha ya bunduki: simama, lala chini, leta. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akimjibu askari "hapana" kwa lugha hiyohiyo. Siku ile ndipo nilipojua kwamba neno hilo nalo limo.